Vikundi vya wananchi na wabunge: tunaanza kupiga kelele muswada ukiwa umeshapita

Fundi_Hoja

Wadau salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu atarudi jioni.

Mimi niko kwenye kikundi cha wananchi ngazi ya kata. Hatuna gari wala ofisi, tunakutana kwenye darasa la shule ya msingi watoto wakishaondoka. Kazi yetu ni kufuatilia bajeti na sheria zinazotugusa, halafu kuwasumbua diwani na mbunge mpaka waseme kitu. Katika kazi hii kuna jambo moja linanikera kuliko yote. Vikundi vyetu vina nguvu, vina watu wanaojua kuongea, ila nguvu hiyo tunaimwaga wakati uamuzi umeshafanyika.

Chukueni tozo za miamala ya simu. Zililetwa na Sheria ya Fedha ya 2021, iliyorekebisha Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa. Hotuba ya bajeti ilisomwa Juni, na ndani yake iliandikwa waziwazi: shilingi 10 hadi 10,000 kwa kila muamala wa kutuma na kutoa. Wangapi kati yetu tulishtuka siku ile? Wengi tuligutuka tarehe 15 Julai, makato yalipoanza kuonekana kwenye simu zetu. Hapo ndipo redio zikajaa, vijiwe vikajaa, mabango ya mitandaoni yakajaa.

Kelele zile zilifanya kazi, siwezi kuzibeza. Septemba mwaka uleule tozo zikashushwa kwa asilimia 30, na bajeti zilizofuata zikaendelea kuzipunguza. Lakini kila punguzo lilipatikana kwa kuombea huruma ya serikali, kwa sababu sheria ilikuwa imeshasainiwa. Kati ya hotuba ya Juni na kura ya mwisho ya Bunge kulikuwa na siku ambazo Kamati ya Bajeti inaita wadau na kupokea maoni. Siku hizo wanaofika ni wenye viwanda, wenye mabenki, kampuni za simu, washauri wa kodi. Wanakuja na karatasi zilizochapwa, wanajua kifungu namba ngapi. Mama lishe na bodaboda hawapo, na wale wanaosema wanawasemea nao mara nyingi hawapo.

Kwa hiyo hoja yangu kwenye uzi huu ni hii tu: tuhame kutoka Julai, tuingie Juni. Ikiwezekana tuingie Novemba, na hilo nitalieleza chini. Anayepinga apinge, nipo.

Binti_Sanduku

Naweka kambi hapa. Tiririka mkuu.

Kijiwe_Cha_Nyuma

Mleta uzi una moyo, hongera. Ila unaongea kama vile wabunge wanapiga kura kwa kufikiri. Mbunge anaingia kwenye kikao cha wabunge wa chama chake usiku, anaambiwa msimamo ni huu, kesho yake anasema "ndiyooo" na kugonga meza. Wewe na darasa lako la shule ya msingi mnabadilisha nini hapo? Karatasi yako inafungiwa maandazi.

Fundi_Hoja

Kijiwe, hilo ulilosema lipo na silikatai. Kura ya mwisho ndani ya ukumbi haina maajabu, chama kikishakaa kimekaa. Ndiyo maana sisemi tukawabembeleze wabunge siku ya kura. Siku ile mbunge hana cha kukupa hata kama anakupenda.

Angalia muswada unavyotembea. Unachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Unasomwa mara ya kwanza, na hapo kinachosomwa ni jina tu, hakuna mjadala. Spika anaupeleka kwenye kamati ya kisekta inayohusika. Kamati inatangaza kupokea maoni, inakaa na wadau, kisha inakaa na Waziri na watu wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali wakibishana kifungu kwa kifungu. Ndipo unasomwa mara ya pili, wabunge wanachangia, Bunge linakaa kama Kamati ya Bunge Zima kupitia vifungu, halafu mara ya tatu. Baada ya hapo ni kwa Rais, kama ibara ya 97 ya Katiba inavyosema.

Sasa ukifuatilia Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, utaona kitu. Mara nyingi Waziri anapokuja kwenye hatua ya pili, anakuja na jedwali lake mwenyewe la marekebisho, na anasema wazi kwamba ameafikiana na kamati. Maana yake serikali imekubali kubadilisha muswada wake kabla ya ule usiku wa kikao cha chama unaousema. Aliyeisukuma ibadilishe alikuwa ndani ya chumba cha kamati, na ndani ya chumba kile hakuna kamera za kumfanya mtu aonekane msaliti wa chama. Waziri anaweza kukubali neno libadilike bila kuonekana ameshindwa.

Je, anakubali mambo makubwa? Mara chache. Lakini kwa mwananchi anayetozwa faini, neno kama "atalipa" na "anaweza kutozwa" si dogo hata kidogo.

Kifungu_Kidogo

Naomba niongezee kwenye sheria, kwa sababu vikundi vingi vinapoteza muda kwa kumwomba mbunge kitu ambacho hana mamlaka nacho.

Ibara ya 99 ya Katiba inazuia Bunge kushughulikia mambo fulani ya fedha mpaka Rais awe amependekeza na pendekezo likaletwa na Waziri. Humo kuna kutoza kodi mpya na kuagiza malipo kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina. Kwa hiyo mkimwandikia mbunge wenu "tunaomba ulete hoja serikali ijenge vituo vya afya kila kata kwa fedha za Hazina", mmemkabidhi mzigo asioweza kuunyanyua. Atawashukuru, atapiga picha na nyie, basi.

Ila ibara hiyohiyo imeacha upenyo. Inazungumzia kubadilisha kodi kwa namna yoyote isipokuwa kupunguza. Mbunge anaweza kusimama na kupendekeza kodi ishuke. Kikundi chenye akili kinagawa madai yake kwa mstari huo: ya kupunguza mzigo yanaenda kwa mbunge na kwenye kamati, ya kutumia fedha zaidi yanaenda wizarani na halmashauri mapema, huku mbunge akitumika kuuliza maswali na kubana.

Na ya kubana yapo. Maswali ya msingi na ya nyongeza, maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu siku za Alhamisi, hoja binafsi. Mimi napenda zaidi ile ya kushika shilingi. Wakati wa kupitisha makadirio ya wizara, mbunge anaweza kutangaza kwamba atashika shilingi ya mshahara wa Waziri mpaka apate maelezo. Shilingi mara nyingi inaachiwa mwisho wa siku, sawa, lakini Waziri analazimika kusimama na kutoa ahadi inayoingia kwenye Hansadi yenye tarehe na jina lake. Ahadi ya kwenye Hansadi ukiikata na kuibandika kwenye barua ya mwaka unaofuata, ina ncha kuliko barua kumi za kulalamika.

Dada_wa_Ledja

Kwa kuwa mmegusa kodi, ngoja niwaletee mfano unaoniuma, wa taulo za kike.

Mnakumbuka kampeni ile. Walimu, vikundi vya wanawake, wabunge wanawake, wasichana wenyewe, kila mtu alisema kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike iondoke. Bajeti ya 2018/19 ikasomwa na Waziri wa Fedha wa wakati huo, Philip Mpango, VAT ya asilimia 18 ikaondolewa. Watu tulishangilia, vikundi vikaandika ripoti za mafanikio kwa wafadhili, tukahamia kwenye mambo mengine.

Juni 2019 Waziri yuleyule akasimama tena na kuirudisha. Sababu aliyotoa ni kwamba bei kwa mtumiaji haikushuka, kwa hiyo msamaha ulinufaisha wafanyabiashara. Badala yake wenye viwanda vya taulo wakapewa nafuu ya kodi ya mapato, kutoka asilimia 30 hadi 25 kwa miaka miwili.

Mnielewe, sisemi Waziri alikuwa sahihi. Nasema siku ile tungehitaji kitu kimoja mkononi na hatukuwa nacho: rekodi ya bei, duka kwa duka, mwezi kwa mwezi, kabla na baada ya Julai 2018. Kila kikundi kilichoshiriki kampeni kina wanachama wanaoingia dukani. Kazi ya kuandika bei kwenye daftari haihitaji mfadhili. Tungeweza kusema: hapa imeshuka, hapa haikushuka, na haikushuka kwa sababu hii. Serikali ikaja na dai, sisi tukawa na hasira tu.

Halafu kuna suala la kiufundi ambalo kampeni haikulipa uzito. Msamaha wa VAT na VAT ya kiwango cha sifuri ni vitu viwili. Bidhaa ikisamehewa, mzalishaji wa ndani hatozi VAT anapouza, lakini VAT aliyolipa kwenye malighafi, vifungashio na umeme hawezi kurudishiwa, kwa hiyo anaiweka ndani ya bei. Ikiwa ya kiwango cha sifuri, anarudishiwa. Ukipaza sauti "ondoeni kodi" bila kusema ipi kati ya hizo, serikali itachagua, na wewe hutajua kwa nini bei imegoma kushuka.

Bwege_Mtozeni

Dada wa Ledja umenifungua macho. Mimi nilidhani kuondoa ni kuondoa.

Fundi_Hoja

Dada wa Ledja hapo umeupiga mwingi. Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo haina picha nzuri ya kupeleka kwa mfadhili, ndiyo maana haifanyiki.

Nilisema nitaeleza Novemba. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, wote tunajua. Lakini kila mwaka, kwenye mkutano wa Novemba, Bunge hukaa kama Kamati ya Mipango kujadili mapendekezo ya Mpango wa Maendeleo wa Taifa na mwongozo wa kuandaa bajeti ya mwaka unaofuata. Pale ndipo vipaumbele vinapangwa kwa maneno ya jumla. Kipindi hichohicho cha mwishoni mwa mwaka, Wizara ya Fedha huwa inatangaza kupokea mapendekezo ya mabadiliko ya kodi kutoka kwa wadau. Tangazo linakaa kwenye magazeti na tovuti ya wizara, na kama kawaida wanaolisoma ni wahasibu wa makampuni.

Machi kamati zinapitia bajeti za wizara. Aprili hadi Juni ni mkutano wa bajeti wenyewe pale Dodoma. Kwa hiyo mtu anayeanza kuhangaika baada ya hotuba ya Juni tayari amechelewa, anachoweza kuokoa ni kifungu kimojakimoja. Kifungu kimoja nacho si haba, lakini aende akijua ukubwa wa alichobakiwa nacho.

Kuna wakati pia serikali inakukata miguu kabisa. Hati ya dharura, ile inayoruhusu muswada upitishwe harakaharaka. Mwanzoni mwa Julai 2017 sheria tatu nzito za rasilimali na madini zilipita Bungeni ndani ya siku chache. Ukubaliane nazo usikubaliane, hakuna kikundi cha wananchi kingeweza kuzisoma, kuitisha kikao na kuandika kitu cha maana kwa muda ule. Aliyekuwa na la kusema ni yule tu aliyekuwa na andiko lake kabatini tangu zamani. Na hiyo ni sababu nyingine ya kuandika kabla ya kuulizwa.

Kijiwe_Cha_Nyuma

Haya, nimesoma. Bado nina neno. Mnaongea kama tatizo ni sisi kutojua kalenda. Basi nielezeni Sheria ya Ndoa.

Sheria ya 1971. Kifungu cha 13 kinaruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na mahakama inaweza kuruhusu hata wa 14. Kifungu cha 17 kinahusu ridhaa ya mzazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu, 2016 akashinda, vifungu vikasemwa vinapingana na Katiba, serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema msichana yuko sahihi. Mnataka hoja safi kuliko hukumu ya mahakama ya juu kabisa nchini? Mnataka andiko gani tena? Na miaka ikapita Bunge halijagusa. Wanaharakati wameandika, wameonana na kamati, wametembea na kalenda zenu hizo. Kwa hiyo msitudanganye kwamba karatasi nzuri inafungua kila mlango. Wasipotaka, hawataki.

Kifungu_Kidogo

Kijiwe, kwa hili sikupingi hata kidogo. Hukumu yenyewe haifuti vifungu kitabuni, na Bunge likiamua kukaa kimya hakuna askari wa kulisukuma.

Ninachokiona ni kwamba suala la umri wa kuolewa lina upinzani wake huko majimboni, wa kimila na wa kidini, na mbunge anausikia kila akirudi nyumbani. Vikundi vyetu vimefanya kazi kubwa mahakamani na Dodoma. Kwenye misikiti, makanisa, na vikao vya wazee wa ukoo, kazi imekuwa nyembamba. Mbunge akiulizwa na wazee wake "mnataka kutuharibia mila?" hana watu wa kumjibia palepale. Hapo ndipo kikundi cha kata kina faida kuliko shirika la mjini, maana mjumbe wa kikundi ni mtoto wa wazee haohao.

Linganisheni na 1998. Sheria ya makosa ya kujamiiana, ile iliyoleta kifungo cha miaka 30 kwa ubakaji, ilipita baada ya TAMWA, chama cha waandishi wa habari wanawake, na wenzao kuliweka suala la ukatili mbele ya umma kwa miaka. TAMWA walianzishwa 1987. Wakati muswada unafika, mtu wa kusimama hadharani na kutetea ubakaji hakuwepo. Kwenye umri wa ndoa watu wa kutetea hali ilivyo bado wapo, na wana sauti. Hiyo tofauti si ya kalenda, nakubali.

Kijiwe_Cha_Nyuma

Angalau umekubali kitu. Endeleeni.

Mtoto_wa_Diwani

Mimi niingie kwa mlango wa nyuma. Mzee wangu amekuwa diwani, nimekuwa nikimsaidia kusoma makabrasha. Mnaongea sana Dodoma, nataka niwarudishe halmashauri.

Diwani anapata kabrasha la kikao cha Baraza siku chache kabla. Ni furushi la karatasi. Taarifa za kamati, mapato na matumizi, miradi, watumishi, sheria ndogo. Mzee wangu alikuwa anaanza na kata yake: anatafuta jina la kata, anapiga mstari, anafunga. Hakuwa mvivu, alikuwa analima pia. Sasa mtu akija nyumbani na karatasi ya ukurasa mmoja inayosema "ukurasa wa 43, jedwali la tatu, fedha za zahanati yetu zimehamishiwa kwenye posho za vikao, muulize Mkurugenzi kwa nini", mtu huyo ni dhahabu. Mzee anaingia kikaoni anaonekana amesoma kuliko wote. Na kesho yake anamtafuta mtu yule mwenyewe.

Wale waliokuwa wanakuja na malalamiko ya jumla, "diwani hutufanyii kitu", walipewa chai na pole.

Kuna jingine. Sheria ndogo. Halmashauri ikitaka kutunga ushuru au faini mpya, sheria inaitaka iwatangazie wananchi nia yake na kupokea pingamizi kabla haijapeleka kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Tangazo lenyewe mara nyingi linabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, nyuma ya tangazo la chanjo ya mbwa. Hakuna anayelisoma, siku zinaisha, halmashauri inaandika "hakuna pingamizi lililopokelewa". Halafu mgambo akianza kukamata mikokoteni ndiyo tunakwenda kwa mkuu wa wilaya kulia.

Fundi_Hoja

Mtoto wa Diwani, umeniwahi kwenye la sheria ndogo. Kikundi chetu kilipambana na moja ya namna hiyo, ushuru kwa wauza mboga wa barabarani. Tuliyakuta matangazo bado yamebandikwa. Hatukuandika "tunapinga". Tuliandika kwamba kifungu fulani kinamtoza mwenye beseni sawasawa na mwenye meza, tukapendekeza maneno mbadala, tukaambatanisha majina ya wauza mboga wenyewe na sahihi zao. Mwanasheria wa halmashauri alituita kutuuliza mbona tumeandika kama watu wa ofisini. Kifungu kilibadilishwa, mwenye beseni akatolewa. Ushuru kwa wenye meza ulibaki, na baadhi yao hawakufurahi na sisi mpaka leo.

Na kwa wanaosema mambo ya halmashauri ni madogo, kumbukeni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa miaka mingi ilikuwa agizo tu, halmashauri inayotaka inatenga, isiyotaka inasema mapato ni madogo. Iliingizwa kwenye sheria 2018, kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na mgawanyo wake wa nne, nne, mbili. Kutoka hapo mtu akisimama kwenye Baraza kuuliza anasimama juu ya sheria. Kisha 2023, baada ya ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kufichua vikundi hewa na mikopo isiyorejeshwa, utoaji ukasimamishwa, ukarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi halali viliumia katikati. Ni wangapi kati yetu tulikuwa tunafuatilia urejeshaji kabla CAG hajatusemea? Ni habari ya Dada wa Ledja ileile: ukishinda, kazi ya daftari ndiyo inaanza.

Binti_Sanduku

Swali la kizembe kidogo. Hivi mkienda kuonana na mbunge au kamati, mnawapa posho? Kikundi chetu kiliambiwa na mtu kwamba bila bahasha hamsikilizwi.

Kifungu_Kidogo

Usithubutu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haina kipengele cha "lakini tulikuwa na nia njema". Kupeleka maoni kwenye kamati ni bure. Gharama yako ni nauli ya Dodoma, na hata hiyo unaweza kuikwepa, maana maoni ya maandishi yanapokelewa kwa Katibu wa Bunge. Huyo aliyewaambia habari za bahasha, muulizeni bahasha hiyo ingepitia mkononi mwa nani. Nadhani jibu mnalijua.

Bwege_Mtozeni

Wakuu, tupeni sasa namna ya kuandika. Sisi huku wengi ni darasa la saba, muswada wenyewe tukiuona tunaogopa.

Fundi_Hoja

Darasa la saba inatosha sana. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria, kwa hiyo kisingizio cha "imeandikwa Kiingereza" kinazidi kupungua, ingawa kuna misheria ya zamani bado ya kutafuta mtu wa kuwasomea.

Msisome muswada mzima. Anzieni nyuma, kwenye sehemu ya Madhumuni na Sababu, inaeleza kwa lugha nyepesi kila sehemu inafanya nini. Tafuteni kifungu kinachowagusa nyie, kimoja, viwili vikizidi sana. Kisha chora jedwali. Safu ya kwanza andika namba ya kifungu. Ya pili, maneno yalivyo sasa, neno kwa neno. Ya tatu, maneno mnayotaka nyie. Ya nne, kwa nini, na hapa ndipo mnaweka maisha yenu: "sisi wauza samaki wa mwalo fulani tunauza kwa siku tatu za wiki, leseni ya kila siku inatutoza siku ambazo ziwa limefungwa". Mwisho weka majina, kazi zenu, kijiji au mtaa, namba ya simu inayopatikana.

Safu ya tatu ndiyo inayoshindikana kwa watu wengi. Tunajua tusichokitaka, tukiulizwa tunataka iandikwe vipi, kimya. Lakini mbunge anayetaka kuleta jedwali lake la marekebisho anahitaji maneno hayohayo ya safu ya tatu. Ukimpa, umemfanyia nusu ya kazi. Usipompa, atakwenda kwa aliyempa, na aliyempa anaweza kuwa mshauri wa kampuni ambayo mnagombana nayo.

Nakala moja kwa Katibu wa Bunge, nyingine kwa mbunge wenu, na nyingine kwa mbunge wa viti maalumu wa mkoa. Huyu wa viti maalumu vikundi vinamsahau, wakati mara nyingi ana nafasi ya kusikiliza kuliko wa jimbo, maana hakimbizani na kila msiba wa jimbo.

Kijiwe_Cha_Nyuma

Na wasipojibu?

Fundi_Hoja

Unabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Muswada ukipita vilevile, miezi ikapita, tatizo mlilolisema likatokea, mnairudisha ileile na tarehe yake kwa mbunge, kwa wizara, kwa mwandishi wa habari. Marekebisho ya sheria yanaletwa kila mwaka, kuna ile miswada ya marekebisho ya sheria mbalimbali inayobeba vifungu vya sheria nyingi kwa pamoja. Vingi vya vifungu hivyo vinarekebisha sheria ambazo mtu alishaonya mapema.

Sikuahidi kwamba utashinda, Kijiwe. Hiyo ya Sheria ya Ndoa uliyoitoa hata mimi imenikaa.

Mwalo_wa_Kati

Samahani wakuu, nimechelewa. Kikundi chetu hakijasajiliwa popote, ni watu kumi na kitu tu wa mwalo mmoja. Tunaruhusiwa kupeleka maoni kwenye kamati au lazima tuwe na cheti?

Kifungu_Kidogo

Andikeni kwa majina yenu kama wananchi. Ibara ya 21 ibara ndogo ya pili inampa kila raia haki ya kushiriki katika uamuzi wa mambo yanayomhusu, haisemi raia mwenye cheti. Usajili utawasaidia mkitaka kufungua akaunti au kuomba ile mikopo ya halmashauri, na huo unafanyika kwa afisa maendeleo ya jamii. Kwa maoni ya muswada, sahihi zenu zinatosha. Muswada upi unawahusu? Uweke hapa na kifungu chake tuanze na safu ya pili.